Mamumunye ya Mke wa Katekista

Katekista wetu alifuga ukucha mmoja tu, wa dole gumba la mkono wa kulia. Kucha nyingine tisa alizikata kila Jumamosi kwa wembe ili Jumapili asimame mbele ya watu akiwa nadhifu, lakini ule aliuacha urefuke, mgumu, wa manjano kidogo. Ulikuwa ukucha wa kazi. Aliubonyeza kwenye ngozi ya mumunye: ukizama, mumunye ni la kupika leo, ukigoma, basi limekomaa, linaachwa shambani liwe la mbegu. Sisi watoto wa mafundisho tuliuogopa kuliko shetani mwenyewe, maana ukikosea Amri za Mungu ulikuja taratibu ukatua kwenye sikio lako. Hakubonyeza. Aliuweka tu hapo, akasubiri ukumbuke amri ya nne.

Kwetu ni Murusagamba, huku mpakani, mahali ambapo ukisimama sehemu ya juu ya shamba letu la migomba unaviona vilima vya Burundi vizuri kabisa, hata moshi wa majiko yao. Yeye alivuka kutoka huko mwaka ule watu walipovuka usiku na mchana, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Wengi walipelekwa makambini. Yeye alibaki kijijini kwa sababu kigango chetu hakikuwa na katekista, naye alikuwa nayo katekisimu yote kichwani, na Kirundi chake na Kihangaza chetu vinasikilizana. Akapewa nyumba ndogo ya udongo jirani na yetu, katikati kukiwa na ua wa minyaa tu. Jina lake likasahaulika hapo hapo. Mama yangu alimwita Katekista, mwenyekiti alimwita Katekista, na mimi hapa sitamwita vingine.

Alivuka na vitu vitatu: koti, jembe, na kifurushi cha mbegu kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa cha mke wake. Mke mwenyewe hakuvuka naye. Walipokaribia mto aligeuka kurudi kumchukua mama yake mzazi, bibi ambaye miguu ilikuwa haiwezi mwendo ule. Akamwachia mumewe jembe na mbegu, akaenda. Katekista aliisimulia habari hii mara moja tu, kwa mama yangu, na kwa ufupi huu huu. Baadaye alizunguka makambi yote, akaandikisha jina la mkewe kila palipokuwa na daftari, akasimama kwenye mistari ya maji akiuliza. Hakuna aliyemjua. Mwaka wa pili akaacha kuzunguka.

Mbegu zile zilikuwa za mumunye, ambalo kwao wanaliita umwungu. Lakini si mumunye hili la kila mtu. Lilikuwa na shingo nyembamba iliyopinda, na mistari myeupe juu ya kijani kana kwamba mtu ameichora kwa chokaa. Ilikuwa mbegu ya ukoo wa mkewe. Bibi alimpa mama, mama akampa binti siku ya kuolewa, na hakuna nyumba nyingine kwenye kilima chao iliyokuwa nayo. Ukimsifia mamumunye yake, Katekista alijibu neno moja kila siku: "Mimi ni mkono tu. Mwenyewe yupo."

Sasa jamani, mkono wenyewe haukujua kitu! Kwao, mamumunye ni kazi ya wanawake; mwanamume anayajulia mezani. Msimu wa kwanza aliyapanda kama maharage, yakasongamana, majani yakawa makubwa ya kutisha. Yakatoa maua. Katekista akayachunguza maua, akaona mengine yana kimumunye kidogo chini yake na mengine yana kikonyo kitupu. Akaamua hayo ya kikonyo kitupu ni ya bure, yanamaliza nguvu ya mmea. Akayachuma yote, akayachemsha na karanga, akala siku tatu. Vile vimumunye vikanyauka kimoja kimoja, vikadondoka.

Alikuja uani kwetu amevua kofia, kama mtu aliyekuja kuungama. Mama alikuwa anapepeta.

"Mama Mtangazaji, sijui nimewakosea nini. Yanakufa machanga." Mtangazaji ni mimi, jina alilonipa yeye; nitalieleza.

Mama akauliza, "Na maua mengine umeyapeleka wapi?"

"Nimekula."

"Yote?"

"Yote. Yalikuwa hayana mimba."

Mama alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Katekista! Umewala mabwana wote! Sasa hao mabinti nani atawaoa?"

Habari ikafika kisimani kabla ya jua kuzama. Kwa mwezi mzima wanawake wakipita kwake walimsalimu, halafu mmoja lazima aulize kwa upole, "Katekista, mabwana hawajambo?" Naye alijibu kwa heshima zote, "Hawajambo, wanawasalimu," kisha akaingia ndani. Msimu huo alibakiwa na nusu ya kifurushi. Nilikuwa mtoto, nilicheka na wenzangu, lakini jioni moja kupitia minyaa nilimwona amekaa juu ya jembe lake, zile mbegu zilizobaki zipo mapajani, anazihesabu tena na tena. Kicheko kikaniishia.

Akajifunza. Hakuwa mtu wa kuona haya kujifunza kwa wanawake, na hilo ni jambo moja nililompendea. Mama alimfundisha kuweka samadi iliyooza, si mbichi, na mbegu mbili tu kwa shimo. Lakini somo kubwa alijifundisha mwenyewe, pale wakimbizi walipoanza kupewa mbegu za maboga ya misaada, na sisi tukazipata sokoni, kila nyumba ikapanda. Nyuki hana mpaka. Msimu uliofuata mumunye lake moja lilitoka mviringo, halina shingo wala mstari. Katekista alilitazama kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake. Alizunguka nyumba za jirani zote akiomba watu wang'oe maboga. Nani ang'oe chakula?

Ndipo akaanza kuyafunga maua. Jioni alipita shambani akitafuta ua jike ambalo litafunguka kesho. Unalijua kwa rangi, ncha inaanza njano. Alilifunga kwa uzi wa mgomba lisifunguke. Akafunga na ua dume la mmea mwingine. Alfajiri, kabla nyuki hajaamka, alilichuma lile dume, akalichana majani yake, akalifungua jike na kulipaka ule unga wa njano polepole, midomo ikicheza kama anasali. Kisha alilifunga tena, na kufunga kitambaa chekundu kwenye kikonyo. Mumunye lenye kitambaa halikuguswa na mtu. Mwenyekiti wetu aliwahi kuchuma moja kwa bahati mbaya, akapelekewa hotuba ndefu kuliko ya Ijumaa Kuu.

Nikamuuliza siku moja, "Shikamoo Katekista. Kwani yakichanganyika kidogo si mumunye bado? Si linaliwa?"

"Marahaba. Linaliwa, ego, ndiyo. Lakini akija akakuta lina sura nyingine, nitamwambia nini? Kwamba nilishindwa kutunza hata hili?"

Aliniita Mtangazaji kwa sababu ndoto yangu ilikuwa kusoma habari redioni. Shule niliishia darasa la saba, lakini ndoto haina darasa. Nilikuwa nashika gunzi la hindi, nasimama karibu na minyaa, natangaza: "Hii ni habari kutoka Murusagamba. Mbuzi wa mwenyekiti ameingia tena kwenye muhogo wa watu. Mwenyekiti anasema si mbuzi wake." Katekista aliweka jembe chini, akakaa kusikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunisikiliza hivyo. Kila asubuhi tukionana: "Mtangazaji, kuna habari gani leo?" Nami natunga.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mchoyo. Angekupa koti lake, angekupa chakula chake, lakini mbegu moja ya lile mumunye hakumpa mtu, hata mama yangu aliyemfundisha. Mama aliumia. "Kana kwamba nitaila mimi," alisema. Alikuwa pia mtu wa mambo yasiyoeleweka. Kila Novemba sisi Wakatoliki tunaandika majina ya marehemu wetu yasomwe kanisani, na yeye ndiye aliyekusanya karatasi na kusoma, sauti yake imetulia, jina la kila nyumba. La nyumba yake halikuwemo. Padri aliyekuja kutembelea kigango aliwahi kumwambia, mbele ya wazee, kwamba miaka imepita, atafute jibu moja, ama amwombee mkewe kama hai ama amwombee kama marehemu. Katekista akasema, "Ndiyo, Padri," akaenda kumwagilia. Wajane wawili walijaribu kumletea chakula cha moto. Alikula, akashukuru, akarudisha vyombo vimeoshwa, na ndani ya kila sufuria ameweka mumunye changa. Mmoja wao alisema kwa hasira, "Mimi sikuja kutafuta mboga."

Na alihubiri ufufuko kwenye kila msiba wa kilima chetu. Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutamwelewa. Kwetu mtu akifa, hakuna jembe linaloingia ardhini. Jirani wote wanaacha kulima mpaka azikwe. Nyumba ya wafiwa inaacha muda mrefu zaidi, mpaka matanga yaondolewe, na aliyefiwa na mume au mke anaweza kukosa msimu mzima. Ukipanda ndani ya msiba wako ni kama kumwambia marehemu kwamba hana uzito. Katekista alilishika hilo kuliko sisi wenyeji. Alikuwa wa kwanza kuegemeza jembe ukutani akisikia kilio, hata cha mtoto mchanga wa nyumba ya mbali.

Nilipokuwa msichana mkubwa nikawa natembea kwenda soko la jirani na kambi kuuza maandazi. Katekista alinipa mamumunye machache niyaweke pembeni ya beseni langu. Hakujali nimeuza mangapi. Nikirudi aliuliza, "Kuna aliyeuliza yanatoka wapi?" Nikisema hakuna, aliitikia kwa kichwa, na mimi, kwa utoto wangu, nilidhani amesikitika. Siku hizi nadhani alikuwa anapumua.

Siku moja mwanzoni mwa mvua, nina mamumunye matatu ya mwisho kutoka shamba lake la bondeni, mama mmoja mkimbizi alisimama mbele yangu. Alichukua moja, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Haya ya nani?"

"Ya Katekista wetu. Ni mtu wa kwenu, alivuka zamani."

"Ana ukucha?" akauliza, akinyoosha dole gumba.

"Anao. Wa kupimia."

"Mkewe ndiye aliyekuwa na ukucha wa hivyo." Akakaa chini kwenye udongo, hapo hapo sokoni.

Aliomba ruhusa ya kutoka kambini, tukatembea pamoja. Njiani aliniambia yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu, alisema, akifika kwa Katekista atakuwa hana nguvu ya kulisema neno hilo mara mbili, na mimi nimsaidie akikwama. Mke wa Katekista alikuwa amekufa. Tena siku nyingi, mwaka ule ule wa kuvuka. Huyu mama alimwosha kwa mikono yake.

Tulimkuta Katekista anapanda. Mashimo yako wazi, manyunyu yanaanguka. Nungunungu walikuwa wamekula mamumunye yake yote ya mbegu kule bondeni, na alichobakiwa nacho ni mbegu kumi na nne kuukuu kwenye chupa. Aliinua kichwa, akamtambua yule mama mara moja, jirani wa kilima chao cha zamani.

"Amahoro," akasema yule mama, salamu yao ya amani.

"Amahoro. Umetoka kambini?"

"Ego."

"Umekuja na neno."

"Ego. Kaa chini kwanza."

"Sikai. Lishike hilo neno." Alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Ukiliachia hapa, nitaliweka jembe hili chini sasa hivi, na hizi ni kumi na nne tu, ni za zamani, haziwezi kungoja msimu mwingine. Ingia ndani, kuna maharage, ule. Usiseme."

"Katekista, nimetembea tangu asubuhi."

"Najua. Nakuomba, mama. Usiseme."

Mama yule akaanza kulia kimya kimya. "Nikae nalo mpaka lini?"

"Mpaka nimalize."

Akarudi kwenye mashimo. Mbegu mbili, udongo, kiganja. Mbegu mbili, udongo, kiganja. Mashimo saba. Sijawahi kuona kazi ndogo iliyochukua muda mrefu vile. Alipomaliza hakuja. Alianza kupalilia mahali ambapo hapakuwa na magugu. Yule mama alitakiwa kurudi kambini kabla ya giza. Alisimama, akajifuta uso kwa kanga.

"Kwa hiyo nimekuja bure?"

"Hukuja bure. Umeniona ni mzima. Waambie nyumbani ni mzima."

Yule mama akanitazama mimi. Katekista naye akanitazama. Akajua. Kwenye uso wangu kila kitu huwa kinaonekana, mama yangu husema hivyo siku zote. "Na wewe pia," akaniambia. "Mwana wanje, mwanangu, na wewe pia."

Mwaka uliofuata yule mama alipanda lori la kurudi Burundi, na neno likabaki kwangu peke yangu.

Sikulala vizuri, nisidanganye. Mbegu tisa kati ya zile kumi na nne ziliota. Nilipoona majani yanachomoza nilifurahi, halafu nikaona aibu kufurahi. Nilifikiri, akivuna ataniita. Alivuna, hakuniita. Akapanda tena. Kila mara kulikuwa na kitu ardhini: kama si juu ni bondeni, kama si maua ni vitambaa vyekundu vinavyosubiri kukomaa. Nikaelewa kwamba anapanga misimu ipandane pasiwe na nafasi katikati. Tuliendelea kusalimiana vizuri, shikamoo, marahaba, lakini tangu siku ile hakuniuliza tena kuna habari gani. Hata mara moja. Na mimi gunzi nikaliacha. Nani ningemtangazia?

Kuna siku nilimchukia. Niseme tu. Novemba moja alikuwa anasoma majina ya marehemu, nami nimekaa benchi la tatu na jina mdomoni, na nikaona wazi kwamba mtu huyu ananifundisha nisiseme uongo huku amenifanya kaburi. Kisha akainua macho kutoka kwenye karatasi, akanitafuta katikati ya watu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba siku moja zaidi. Nikainama.

Niliolewa, nikaenda kuishi Bisibo, Biharamulo, na mume wangu fundi cherehani, mtu mzuri, anayeniambia sauti yangu inafaa redioni. Nilikwenda na lile neno kwenye mizigo yangu. Nilimwambia mume wangu kila kitu cha maisha yangu isipokuwa hilo.

Kiangazi kilichopita nilirudi kumsalimia mama. Makambi yalikuwa yanafungwa, barabara imejaa malori. Mama alikuwa anaosha mtungi, akaniambia bila kugeuka, "Katekista amegawa mbegu."

"Amegawa zipi?"

"Zile. Nyumba kumi na moja. Mimi nimepewa wa kwanza. Amewafundisha wanawake kufunga maua. Haoni tena. Macho yamefunga ukungu."

Nikapita kwenye minyaa. Alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka, jua liko utosini. Shamba lote lilikuwa tupu, limefagiliwa. Sikuwahi kuuona udongo wake bila kitu juu yake.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba." Aligeuza kichwa kufuata sauti. "Nilijua utakuja. Nimekusubiri tangu tuvune. Sina kitu ardhini, hapa wala bondeni. Za ukoo ziko kwa watu, zitaendelea hata mimi nikikaa matanga. Kaa hapa. Sema."

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo miaka mingi. Nikakaa, nikalisema.

"Alikufa, Katekista. Mwaka ule ule mliovuka. Tumbo la kuhara, kule kambini, kabla hawajaanza kuandika majina. Yule mama alimwosha. Wakamzika kwenye mteremko, upande wa jua linapochomoza."

Kuku alipita kati yetu, akadonoa mkeka, akaenda.

"Kambini," alisema. "Ina maana alivuka."

"Alivuka. Wiki moja baada yako."

"Na mama yake?"

"Alimbeba mgongoni."

Akacheka, kicheko kidogo cha puani, na machozi yakatoka wakati huo huo. "Yule bibi alikuwa mzito, wee! Hata mimi nilikuwa nashindwa." Akajifuta kwa mkono wa koti. Kisha akauliza, "Ulikuwa unalala?"

"Nani?"

"Wewe. Miaka yote hiyo. Ulikuwa unalala?"

"Siku nyingine, ndiyo."

"Pole, mwana wanje," Katekista akaniambia. "Pole sana. Lilikuwa langu, nikakubebesha wewe."

Ndipo mama, ambaye kumbe alikuwa amesimama nyuma ya minyaa muda wote, akapiga ukelele wa kwanza, na kilima kikaitika. Watu walianza kufika, wengine na mikono bado ina unga. Nikainuka kwenda kusaidia jikoni kama anavyofanya jirani. Katekista akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu, akanivuta chini, akajisogeza ukutani kuniachia nafasi upande wake, upande wa wafiwa.

Wakaja mmoja mmoja, wakampa mkono yeye, kisha wakanipa mimi. "Poleni," wakasema. "Poleni sana."